Kagua na Breki za Diski

“Ngoma zangu ziko wapi? Nauliza kwa mara ya mwisho, shemeji. Ngoma zangu umemuuzia nani?”

“Ngoma gani tena, mzee, kuna harusi?” akadakia mtu mmoja aliyekuwa anasubiri gari lake lichomelewe ekzosi, na gereji nzima ikaangua kicheko.

Kagua hakucheka. Alisimama katikati ya gereji, suruali imelowa mafuta ya breki magotini, kidole kimemwelekea shemeji yake kifuani kama msumari. Ngoma alizokuwa anazitafuta ni yale mabakuli mazito ya chuma yaliyokaa kwenye magurudumu ya mbele ya gari lake tangu lilipoundwa. Hizo ndizo zilikuwa breki zake: viatu vinatanuka kwa ndani, vinasugua bakuli, na gari linasimama likipenda. Alikuwa amezifungua akaweka breki za diski. Sasa hizo mpya zimegoma, pedeli inazama kama mguu kwenye tope, na Kagua anataka za zamani zirudi. Alipokwenda kwenye kona alikoziweka, alikuta doa la grisi tu.

“Shemeji,” fundi alisema, kwa maana fundi mwenyewe alikuwa mdogo wake mkewe Kagua, “sijauza kitu chako hata nati moja. Shusha sauti, nina wateja.”

“Wasikie! Unadhani sijui kuna watu wananunua vitu vya magari ya zamani kwa bei ya dhahabu? Ndiyo maana ulinihimiza nibadilishe.”

“Mimi? Mimi nilikwambia tutengeneze zilezile!”

“Huo ndio ujanja wenyewe. Ulijua ukisema hivyo nitakataa.”

Mtu kama huyo utamjibu nini? Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akatoka nje na simu sikioni. Kagua alimsindikiza kwa macho. Anampigia mnunuzi, alijisemea. Anamwambia afiche.

Kagua si jina alilopewa na mama yake. Alilipata getini. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa geti kwenye kiwanda cha sabuni, na hakuna kipande cha sabuni kilichotoka pale bila yeye kukijua. Alipekua vikapu, mikoba, vyombo vya chakula, hata kofia. Mfanyakazi mmoja aliwahi kufungwa bendeji mguuni baada ya kuumia kweli, na Kagua akaifungua bendeji ili ahakikishe kuna kidonda. Kilikuwepo. Akaifunga tena vizuri, akaandamana na mtu wake mpaka kituo cha basi. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa haamini tu.

Magari ya mizigo aliyasimamisha mwenyewe, akisimama mbele ya boneti kama kigingi. “Fungua mlango wa kushoto!” Dereva anafungua wa kushoto. “Kushoto nimesema!” Mwishowe madereva walimzoea: Kagua akisema kushoto, ni upande wa mkono wake yeye anayelitazama gari usoni. Kubishana naye ilikuwa kujichelewesha. Walifungua anakotaka, wakaenda zao wakicheka.

Mkewe alimpata palepale getini. Alikuwa binti wa chumba cha kufungia sabuni, mwenye ulimi mkali, na kila jioni Kagua alikipekua kikapu chake kwa muda mrefu kuliko vya wenzake. “Kama unatafuta mke,” binti alimwambia siku moja mbele ya foleni nzima, “humo hayumo. Yuko huku juu.” Baada ya hapo hakukuwa na namna ila kupeleka posa.

Kiwanda kilipofungwa, meneja alimwachia Kagua gari lake la zamani, saluni ya rangi ya maziwa, taa za duara, bampa za kung’aa. Wenzake walisema ameokota dodo. Yeye alilala chini yake jioni nzima akitafuta sababu ya meneja kulitoa. Hakuipata, na mpaka leo anaitafuta.

Lakini alilipenda. Alilifuta vumbi kama mtu anavyomfuta mtoto pua. Na kiti cha abiria cha mbele kilikuwa cha mkewe, hakikaliwi na mwingine. Kila asubuhi alimpeleka kazini kwake, chumba cha kufulia cha hospitali, kule chini ya mteremko mrefu, na jioni akamrudisha. Njia nzima wanabishana. Ndiyo ilikuwa starehe yao.

Mpaka siku gari lilipokataa kusimama. Walikuwa katikati ya mteremko, mbele yao mtu anavusha mkokoteni wa chupa tupu. Kagua alikanyaga breki. Gari likavuta upande, likaserereka, likapanda ukingo wa barabara na kwenda kusimama ndani ya kibao cha kinyozi, kile chenye picha za vichwa vilivyonyolewa. Hakuna aliyeumia ila vichwa vya kwenye kibao. Mkewe alifungua mlango, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

“Mimi na gari lako basi,” alisema. “Siku litakaposimama pale linapoambiwa, niite.”

Tangu hapo alikuwa akitembea, na goti lake lile bovu. Kagua alimfuata na gari asubuhi ya kwanza, taratibu, dirisha limeshushwa, akimwambia ingia garini, mama, usinitie aibu. Mkewe alitazama upande wa pili kama mtu asiyemjua. Watu wakaanza kuuliza kama yule mzee anamsumbua yule mama. Kagua akageuza, akarudi nyumbani, akakaa sebuleni kwenye kiti chake cha kamba akitazama gari kupitia dirishani. Kiti cha mbele kitupu kilimkera kuliko kibao cha kinyozi alichotakiwa kukilipia. Akaapa ataweka breki za diski, zile za magari ya kisasa, kisahani cha chuma kinachobanwa na pedi pande zote mbili kama mtu anavyobana sahani kwa vidole. Breki za kusimamisha gari bila majadiliano.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu ilimbidi anunue kitu kutoka kwa binadamu.

Alianzia duka la spea lenye vioo. Muuzaji alikuwa na shati jeupe pee, na hilo peke yake lilimtosha Kagua. Mtu anayeuza vyuma, shati jeupe la nini? Alimletea boksi jipya limefungwa nailoni, juu lina picha ya gari la zamani linalofanana na lake kama binamu.

“Kila kitu kimo humu, mzee wangu. Diski, kalipa zake, vishikio, bolti. Unafunga, unaondoka.”

Kagua alitoa sumaku mfukoni akaigusisha kwenye diski. Ikanata. Akaonekana kuvunjika moyo kidogo. Akaenda nje akarudi na rimu ya gari lake begani, akaitua juu ya meza ya kioo muuzaji akipiga yowe, akaipachika juu ya kalipa, ile koleo ya chuma inayobana pedi, aone kama itaingia ndani bila kugusa. Ikaingia.

“Pedi zikiisha nitazipata wapi?”

“Utaagiza kwangu.”

“Na wewe usipokuwepo?”

“Nitakwenda wapi, mzee?”

“Ndivyo alivyosema meneja wa kiwanda.” Akabeba rimu yake akatoka.

Shemeji yake alimwambia ziachwe ngoma zilezile. Zichongwe zikae duara, ziwekwe viatu vipya, zirekebishwe pande zote zishike sawa, na gari litasimama wima bila kuvuta. Ulikuwa ushauri mzuri, wa bei nafuu, na wa ndugu. Kagua akaulaza chini akaukagua, akaona una kasoro zote tatu hizo.

Akabaki na njia ya wachinja magari, wale wanaonunua magari yaliyokufa na kuuza viungo kimoja kimoja. Huko kuna kila kitu, na hakuna hata kimoja kilicho na ndugu yake. Kagua alikuwa amesikia habari za mtu aliyeuziwa kalipa mbili za upande mmoja. Basi alitaka jozi iliyotoka gari moja, tena aione ingali mwilini. Alizunguka kiguu na njia mpaka akapata saluni ya kawaida, ya aina inayotumiwa na madereva teksi kila mahali, iliyogongwa nyuma na kubaki nzima mbele. Pedi zake zinauzwa mpaka kwenye vibanda. Hapo hata Kagua alikosa kasoro, akauliza tu kwa nini iligongwa nyuma.

“Kwa sababu ilisimama, mzee,” mchinjaji alimjibu. “Aliyekuwa nyuma ndiye hakusimama.”

Jibu lilimpendeza. Lakini mchinjaji alisema atazifungua jioni, aje kesho kuchukua, na Kagua akaona picha nzima: hizi nzuri zinaingizwa ndani, usiku unapita, asubuhi anapewa mbovu za gari jingine. Akatia mkono mfukoni akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva, ambacho asubuhi ile alikuwa amekichukua kwenye meza ya mkewe bila kuomba. Alijua itahitajika alama isiyofutika kwa mafuta. Akasimama mbele ya boneti ya lile gari kama alivyosimama miaka yote, akapaka nukta moja kwenye kalipa ya kushoto na nukta mbili kwenye ya kulia. Kilichobaki akakimalizia kwenye diski, kwenye vishikio, na kwenye masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ambayo shemeji yake alimwonya lazima itoke kwenye gari hilohilo kwa sababu ya zamani haitaziweza diski.

Mchinjaji alimtazama mpaka mwisho. “Mzee, unaniposa au unanunua spea?”

Nyumbani mkewe alikitafuta kichupa chake chini ya kitanda na juu ya kabati. Kilikuwa kipya, hajakifungua hata mara moja. “Dada yako alikuwa hapa juzi,” alisema mwishowe, “na alikisifia sana.” Kagua alikunywa chai yake. Dada yake hakuwa na hili wala lile, na Kagua alilijua hilo akalimeza pamoja na chai. Wifi mtu akanuniwa.

Kazi ya kufunga haikuwa kazi, ilikuwa ulinzi. Kagua aliburuta stuli mpaka ubavuni mwa gari akaketi. Shemeji akichukua spana, anaulizwa ya nini. Akienda kunywa maji, anafuatwa. Vishikio alimruhusu avichomelee mwenyewe, kwa sababu kuchomelea Kagua hakukujua. Ilipofika zamu ya kalipa, akasimama.

“Hizi nafunga mimi.”

“Shemeji, hii ni kazi yangu.”

“Ni gari langu. Pedi zinaweza kubadilishwa mtu akipepesa macho.”

“Basi funga!” Fundi alikuwa amechoka mpaka kwenye mfupa. “Funga, na Mungu akusaidie.” Akaenda kwenye ekzosi za watu.

Kagua akazifunga, uso umeelekea mbele kama dereva kitini, nukta moja kushoto, nukta mbili kulia, bolti zimekazwa mpaka zinalia. Hata kutoa upepo kwenye mafuta hakumwachia mtu. Yeye alilala chini ya gari akifungua na kufunga kijiskrubu cha kutolea upepo, na fundi mzima, mwenye gereji yake, akaketishwa ndani kama abiria kukanyaga pedeli. “Kanyaga! Shikilia! Achia!” Mafuta yakatoka, chupa nyingine ikafunguliwa, na nyingine, na pedeli ikaendelea kuzama mpaka chini. Kagua akatoka uvunguni ameshajua ukweli wote: masta silinda ni feki, shemeji na mchinjaji lao moja, na ngoma zimeshauzwa.

Na sasa tuko palepale, kidole kifuani, wateja wanacheka.

Mkewe aliingia gereji kwa miguu, sare ya kufulia bado mwilini, anachechemea kidogo. Ndiye aliyepigiwa simu. Akapita katikati ya watu kama wanavyopita wauguzi.

“Nani anamwita mdogo wangu mwizi?”

“Hakuna aliyesema mwizi,” Kagua alisema. “Nimeuliza ngoma.”

“Ngoma ziko nyumbani. Chini ya kiti chako.”

Kidole cha Kagua kikashuka.

“Kiti changu kipi?”

“Cha kamba, cha sebuleni, unachokalia kila jioni ukiwaza nani anakuibia. Nilimwambia mdogo wangu anipe, nikazibeba kwa toroli, nikazifunika kwa kanga ya zamani, na wewe umezikalia siku zote hizi.” Akawageukia wateja kama mashahidi. “Kule kiwandani kila mtu alijua. Ukitaka kupitisha kitu, weka kwenye kibanda cha Kagua mwenyewe, nyuma ya kiti chake. Hapo haangalii.”

Mambo mawili, la ngoma na la kibanda, yalimpiga Kagua kwa pamoja na hakujua aanze kuumwa na lipi.

“Kwa nini uzifiche?”

“Kwa sababu nakujua! Breki mpya zikipiga kelele kidogo tu, ungezing’oa ukarudisha zile. Na mimi ningetembea na goti hili mpaka kaburini.” Alilisugua goti, akajinyoosha. “Haya. Nimeacha mashuka ya watu. Zimefika wapi hizo mpya?”

Fundi alipiga jeki, akavua gurudumu, akachungulia. Akavua na la upande wa pili. Akakaa sakafuni akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanatikisika.

“Shemeji, upepo hukaa juu au chini?”

“Usinifanye mtoto.”

“Juu. Sasa tazama hiki kijiskrubu cha kutolea upepo. Kinatakiwa kiwe juu ya kalipa. Chako kiko chini. Huku chini, na kule chini. Umetoa mafuta chupa kwa chupa, upepo umekaa juu huko unakutazama. Umezifunga kinyume. Ya kushoto iko kulia.”

“Haiwezekani!” Rangi ilimrudi Kagua usoni. Alikuwa amempata mtu. “Niliziwekea alama zikiwa kwenye gari lenyewe! Yule mchinjaji kazibadilisha alama!”

“Alama hizi hapa. Nukta moja hii.”

“Basi amezifuta akapaka upya!”

Mkewe aliinama, mkono umeshika goti, akatazama. “Wakati unaziweka,” aliuliza polepole, “ulikuwa umesimama wapi?”

“Mbele ya gari. Nisimame wapi kwingine?”

“Unalitazama usoni.”

“Ndiyo.”

“Kama getini.”

Kagua alitaka kusema ndiyo tena. Akatazama boneti ya gari lake. Akatazama mkono wake wa kushoto, kisha wa kulia, kama mtu aliyepewa mikono mipya na hajaambiwa itumikeje. Yule mteja wa ekzosi, kumbe zamani alikuwa dereva wa mizigo, alijipiga paja: “Mama yangu! Kushoto kwa Kagua!” Na hapo hata Kagua mwenyewe asingeweza kukizuia kicheko kile, kilipita getini bila kukaguliwa.

Mkewe peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameinama. Alipitisha ukucha mtupu juu ya ile nukta.

“Rangi nzuri,” alisema.

Kagua akatazama dari.

“Nyekundu iliyoiva. Nimewahi kuiona mahali.”

“Mama...”

“Wifi yangu nimemnunia. Amenisalimia kanisani nikajifanya sikusikia. Na wewe unakunywa chai.”

Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akajitwisha mkoba wake akarudi kwenye mashuka.

Kalipa zilibadilishwa pande na fundi mwenyewe. Kagua aliketi kwenye stuli, nje, ameligeuzia gari mgongo, adhabu aliyojipa mwenyewe bila kuambiwa. Akakaribia kugeuka mara nyingi, hakugeuka. Upepo ulitoka, pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Wakalijaribu kwenye uwanja mtupu nyuma ya gereji, likasimama pale lilipoambiwa, bila kuvuta huku wala huku.

“Shemeji,” Kagua alisema kwenye kioo cha mbele, si kwa mtu, “nilisema maneno.”

“Ulisema mengi. Chagua uliyokusudia.”

“Hakuna.”

“Basi yameisha. Ila kibao cha kinyozi ni juu yako.”

Jioni hiyo alikwenda kwa dada yake kwanza, akakaa huko mlangoni kwa muda, akasema yaliyompasa na kusemwa yaliyompasa. Kisha akapita duka la vipodozi. Muuzaji alimletea kichupa, na Kagua akakifungua, akapaka ukucha wake mwenyewe wa kidole gumba aone kama ndiyo rangi yenyewe, akakilinganisha na nukta ya kwenye diski aliyokuwa ameipiga picha. Mazoea hayafi siku moja.

Asubuhi gari lilikuwa mlangoni, linanguruma. Mkewe alitoka akalizunguka, akalipiga teke gurudumu. Akafungua mlango, akaketi mahali pake. Kagua akaliondoa gari taratibu. Walikwenda mpaka kileleni mwa mteremko, na hapo Kagua akasimamisha gari pembeni, akatia mkono mfukoni, akamwekea kichupa mapajani.

“Hicho chako.”

Mkewe alikiinua kwenye mwanga, akakitikisa. “Na wifi?”

“Nimekwenda. Anakusalimia. Anasema akikuta kichupa kingine kizuri, hicho sasa atakiiba kweli.”

Mkewe alifungua kifuniko. Harufu kali ikajaa ndani ya gari. Akatandaza mkono wa kushoto juu ya mkoba, akachovya brashi.

“Endesha,” alisema.

“Sasa hivi? Huku teremkoni? Utajipaka mpaka kiwiko.”

“Mimi ndiye ninayepaka. Wewe shughulika na breki zako.”

Kagua akaachia breki. Gari likateremka, likachukua kasi. Akakanyaga kwenye kona ya kwanza, akakanyaga pale penye kibao kipya cha kinyozi, akakanyaga kwa nguvu mbuzi alipokatiza barabara bila adabu. Kila mara alichungulia pembeni. Mkewe alikuwa amemaliza kidole cha nne, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, na rangi haikutoka nje ya ukucha.